Mashirika ya kutetea wanyama yanavyoibana serikali: sisi wa Kusini tukae tu tunatazama?

Mzee wa Mkuti (Masasi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga apite kwa amani.

Ukitaja shirika la kutetea wanyama hapa Masasi, watu wanaona mama wa Kizungu amempakata mbwa. Picha hiyo inatupumbaza. Hawa ni miongoni mwa mafundi wakubwa wa kushawishi serikali duniani, na kazi hiyo wameifanya miaka 200. Nilikuwa ofisa mifugo hadi nikastaafu. Semina zao nimekaa, posho zao nimekula, kwa hiyo sitaandika kwa chuki wala kwa mapenzi.

Mwanzo wake ni London. Mwaka 1822 mbunge aitwaye Richard Martin alifanikiwa kupitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe, farasi na kondoo. Sheria ikakaa kwenye karatasi, hakuna wa kuisimamia. Mwaka 1824 Martin na wenzake, akiwamo William Wilberforce yule wa kupinga biashara ya utumwa, wakakutana kwenye mgahawa wa kahawa na kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho leo kinaitwa RSPCA. Hawakukimbilia kuomba sheria nyingine. Waliweka wakaguzi wao, wakawapeleka soko la mifugo la Smithfield, wakawa wanawafikisha watu mahakamani kwa gharama zao. Kesi zikaonyesha sheria inavuja wapi. Mwaka 1835 Bunge likaipanua ikawagusa mbwa na ikapiga marufuku michezo ya kupiganisha wanyama. Mwaka 1840 Malkia Victoria akakipa chama hadhi ya kifalme.

Yaani walianza kuifanya kazi ya serikali kabla serikali haijaikubali, halafu wakarudi bungeni na daftari la kesi mkononi. Ukinielewa hapo umeelewa nusu ya uzi huu. Nakuja.


Chikongola Mjini (Mtwara)

Nipo siti ya mbele na korosho zangu za kukaanga. Ila mzee umeanzia mbali sana. Hapa Bongo wamefanya nini zaidi ya kugawa fulana?


Mzee wa Mkuti

Fulana zipo, sikatai, ninayo ya kulimia.

Hapa nyumbani tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Imeunda Baraza la Ushauri, imeweka wakaguzi, na imejengwa juu ya zile haki tano: mnyama asikae na njaa na kiu, asikae pabaya, asiachwe na maumivu na maradhi, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, asiishi kwa hofu. Haki hizo hazikutungwa Dodoma. Mwaka 1964 mama mmoja Mwingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu kuhusu kuku na ndama wanaofungiwa vizimbani, wananchi wakachafukwa, serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell. Ripoti ikatoka 1965, na 1979 baraza lao la wanyama wa kufugwa likazipanga zikawa tano. Kutoka hapo zikabebwa na mashirika, ya nje na ya hapa nchini, hadi zikaingia kwenye sheria zetu.

Lakini sheria ya 2008 ni kesi ndogo. Kesi kubwa ni punda.

Huku kwetu punda ni wa kuhesabika, hivyo wengi hawakulifuatilia. China kuna dawa ya asili inaitwa ejiao, inachemshwa kutoka ngozi ya punda. Punda wa kwao walipopungua, wanunuzi wakageukia Afrika. Kenya kukafunguliwa machinjio manne, kwetu Dodoma na Shinyanga. Mashirika kama Brooke (hilo lilianzia Cairo 1934 kwa mama aitwaye Dorothy Brooke) na The Donkey Sanctuary la Uingereza yakaingia kazini.

Ungetegemea wapeleke picha za punda analia. Picha zilikuwepo, lakini hizo walizielekeza kwa wachangiaji wao Ulaya. Serikalini walipeleka hesabu. Kenya, taasisi ya utafiti ya serikali yenyewe, KALRO, ilitoa utafiti mwaka 2019 uliosema kwa kasi ile ya kuchinja punda wangekwisha nchini ifikapo 2023. Utafiti uligharimiwa na Brooke, ila jina lililo juu ya jalada ni la taasisi ya serikali. Halafu wakaleta wanakijiji walioibiwa punda wao usiku, na wakina mama waliorudi kubeba maji kichwani. Waziri hakuzungumziwa huruma. Alizungumziwa wizi, maji na kura. Februari 2020 waziri wa kilimo wa Kenya, Peter Munya, akapiga marufuku.


Mnyiramba wa Ligula (Mtwara)

Hapo sahihi kabisa. Kwetu Singida punda akiibiwa ni msiba. Lakini mzee usiwapambe, 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliifuta marufuku ile, mwenye machinjio akashinda.


Mzee wa Mkuti

Ahsante, na hapo ndipo nilipotaka kufika. Tangazo la waziri ni jepesi, mwenye mtaji anakwenda mahakamani anaulizia utaratibu ulifuatwaje, mnaanza upya. Pia ukifunga Kenya peke yake punda wanavushwa mpaka. Kwa hiyo wakapanda ngazi. Tanzania ikafunga machinjio yake 2021. Desemba 2022 ukaitishwa mkutano wa Afrika nzima kuhusu punda, pale Dar es Salaam, chini ya ofisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia mifugo, AU-IBAR. Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika wakiwa Addis Ababa wakapitisha zuio la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, bara zima, miaka 15.

Marais wamekaa wakamjadili punda! Waliowafikisha hapo ni watu wenye ofisi ndogo za kupanga, waliokuwa na subira ya kuhudhuria vikao ambavyo mimi na wewe tungesinzia.


Hesabu za Tandahimba

Naomba nitie mchanga kidogo. Mkono mtupu haulambwi. Fedha zote za hizo kampeni zimetoka Ulaya. Kesho wakiamua kwamba mbuzi wa Iddi anaonewa, si wataanza hivyohivyo? Utafiti wanalipia wao, semina wanalipia wao, ofisa mifugo (samahani mzee) anakula posho yao, halafu tunaambiwa ni sera yetu. Punda mimi sina ugomvi naye. Nauliza nani aliyempa huyu mtu wa Uingereza kiti kwenye sera ya Tanzania.


Wakili wa Shangani (Mtwara)

Swali zuri, nijibu upande wa sheria kwa ufupi.

Huko kwao wamefungwa kamba. Uingereza shirika la hisani linaruhusiwa kudai mabadiliko ya sheria mradi yaendane na lengo lake, lakini haliruhusiwi kukipigia debe chama cha siasa, na kuna Charity Commission inayowachunga. Marekani shirika lenye msamaha wa kodi likitumia sehemu kubwa ya fedha zake kushawishi wabunge linaweza kuupoteza msamaha huo, na kumpigia debe mgombea ni marufuku moja kwa moja. Ndiyo maana makubwa yao yanaanzisha shirika dada, lisilo na msamaha wa kodi kwa mchangiaji, likafanye siasa waziwazi. Humane Society ya Marekani, ambayo mwaka 2025 imebadili jina, ilifanya hivyo 2004.

Kwetu, shirika linasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, na marekebisho ya 2019 yameongeza masharti ya uwazi wa fedha. Baada ya hapo mlango wa kisheria ni uleule kwa wote: muswada unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kamati ya Bunge, kamati inaita wadau kutoa maoni. Wewe wa Tandahimba unaruhusiwa kupeleka maoni kama Brooke. Tofauti ni kwamba wao wana mtu ambaye kazi yake ni kusoma Gazeti la Serikali kila Ijumaa. Wewe unasikia redioni siku muswada unapitishwa.

Kuhusu posho nakubaliana nawe. Utafiti uliogharimiwa na mdau lazima usomwe kwa jicho la pili, hata kama punda wanakwisha kweli.


Mwana Liwale

Shikamoo mzee wa Mkuti. Mimi nasoma kwa uchungu.

Sisi tunaishi na tembo. Mwaka huu wameingia kitongojini kwetu mahindi yakiwa yanabeba. Unapiga debe, unawasha moto, unapigia simu askari wa wanyamapori, gari halina mafuta. Asubuhi shamba limelala. Unajaza fomu ya kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa aliyeharibiwa na wanyamapori, unasubiri.

Sasa nilisikia Uingereza wanataka kuzuia mwindaji asirudi nyumbani na pembe wala ngozi ya mnyama aliyemwinda kihalali huku. Jumuiya yetu ya hifadhi, Magingo, inategemea vitalu vya uwindaji. Hao waliopiga kura huko, nani wao alishalala Liwale? Aliyekuja kuniuliza ni nani? Huo ushawishi unaousifia, mzee, kwangu ni mtu wa mbali anaamua juu ya shamba langu.


Chikongola Mjini

Huyu kaongea.


Mzee wa Mkuti

Marhaba mwanangu, pole sana. Suala lako nilikuwa nimeliweka akiba kwa sababu ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Tuanze na ukweli mchungu wa upande wetu. Mwaka 1976 Selous, lile pori letu kubwa la akiba, pamoja na maeneo yanayolizunguka, lilihesabiwa tembo wapatao 109,000. Hesabu ya 2013 ikakuta 13,000 hivi. Hao hawakuliwa na wanaharakati, wameliwa na majangili, na baadhi yetu tunajua barabara walizopitishia meno. Aprili 2014 Marekani ikasimamisha kuingiza nyara za tembo, yaani meno na viungo vingine vya tembo waliowindwa kihalali, kutoka Tanzania na Zimbabwe. Mashirika yalikuwa yamelipigia kelele hilo kwa muda, lakini namba ile ya 13,000 ndiyo iliyowapa rungu. Na sisi ndio tuliowachongea.

Mwaka 2015 akauawa simba Cecil kule Zimbabwe na daktari wa meno kutoka Marekani. Simba yule alikuwa na jina na picha, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walimvalisha kola ya utafiti. Hasira za watu juu ya kifo chake zilidumu miaka. Hadi Machi 2023 Bunge la Uingereza, lile la makabwela, likapitisha muswada wa kuzuia nyara za uwindaji zisiingizwe nchini mwao.

Sikiliza kilichofuata, maana hakisemwi sana. Wanasayansi zaidi ya 130 walishaandika barua mwaka 2019, akiwamo Amy Dickman ambaye amefanya kazi ya simba miaka mingi pale Ruaha, wakisema ukizuia uwindaji bila kuweka mbadala, ardhi ile itageuzwa shamba na malisho na wanyama ndio watakaoumia. Viongozi wa jamii kutoka kusini mwa Afrika wakaandika, wakafunga safari, wakaongea na wabunge. Mabalozi wa nchi za Afrika wakaenda Westminster, kwenye Bunge la Uingereza. Muswada ulipofika kwenye Baraza la Mabwana, yaani ile nyumba ya pili ya Bunge lao, wajumbe wachache wakaupakia marekebisho mengi hadi Septemba 2023 muda ukawaishia. Haukuwa sheria. Chama cha Labour kikaliweka jambo hilo tena kwenye ilani yake ya 2024, kwa hiyo halijafa.

Botswana nao wakachagua njia ya kejeli: Rais Masisi mwaka 2024 aliwaambia Wajerumani atawapelekea tembo 20,000 waishi nao. Magazeti ya Ulaya yote yaliandika. Hata Mjerumani asiyejua Botswana iko wapi alijiuliza swali siku ile.

Sasa hesabu ni nani aliyesikika: Botswana, Namibia, Zambia, Zimbabwe. Mtu wa Liwale hukumsikia. Wa Nachingwea hukumsikia, wala wa Nanyumbu wanaopakana na Lukwika-Lumesule. Hatukuzuiwa mlangoni. Hatukwenda.


Mwana Liwale

Nimekuelewa. Lakini mzee, Botswana alikwenda rais. Mimi naanzia wapi?


Hesabu za Tandahimba

Na usiseme hatujui kudai. Juni 2018 wabunge wa Kusini walisimama bungeni kuhusu ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, ile asilimia 65 iliyokuwa inarudi kuendeleza zao. Walilia pale, na ilipitishwa vilevile kwamba fedha zote ziende Mfuko Mkuu. Tulidai, tukakosa.


Mzee wa Mkuti

Hesabu, umenigusa penyewe. Linganisha na punda.

Wabunge wetu walidai siku ya mwisho, muswada wa fedha ukiwa umeshapikwa na kuiva. Watu wa punda walianza kabla hakujawa na muswada. Wabunge wetu walidai kama Kusini: Mtwara, Lindi, kidogo Tunduru. Mtu wa Kagera alikuwa na sababu gani ya kusimama nao? Watu wa punda walimtafuta aliyeibiwa punda Kenya, mbeba maji Singida, daktari wa mifugo aliyeogopa magonjwa kusambazwa na punda wanaosafirishwa, wote wakasema neno moja kila mmoja kwa sababu yake. Na kubwa kuliko yote, wabunge wetu walisema tunaonewa. Inawezekana tulikuwa tunaonewa. Lakini serikali ikisikia "tunaonewa" inasikia lawama, inajilinda. Ikisikia "mwakani pembejeo zikikosekana uzalishaji utashuka na fedha za kigeni zitapungua", inachukua kalamu. Sijui kama ingebadilisha kura siku ile, ila hata hatukuijaribu kwa mpangilio.

Halafu msidhani wao hushinda siku zote. Ulaya walikusanya saini milioni 1.4 za kutaka kuku na nguruwe watolewe vizimbani. Mwaka 2021 Kamisheni ya Ulaya ikaahidi kwamba itapeleka pendekezo la sheria kabla ya 2023 kwisha. Mwaka ukaisha, pendekezo halikupelekwa. Bei ya chakula ilikuwa imepanda, wakulima wamechafukwa, saini zikakaa kabatini.


Mama Mikindani (Mtwara)

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mnajadili tembo na punda, mimi nina la mbwa.

Mtoto wa ndugu yangu aliumwa na mbwa mwaka juzi. Kituo cha kwanza dawa hakuna, cha pili hakuna, cha tatu tukaipata kwa kununua, na ni sindano za kurudiarudia. Halmashauri ikaja ikapiga mbwa wa mtaa, na baada ya muda mtaa umejaa wengine. Hao watetezi wa mbwa nasikia wanapinga mbwa kuuawa. Sasa mtoto wangu na mbwa nani kwanza?


Mzee wa Mkuti

Dada, pole, na swali lako lina majibu mazuri kuliko yote yaliyomo humu, kwa sababu majibu yake yalijaribiwa hapahapa kwetu.

Kichaa cha mbwa karibu chote kwa binadamu kinatoka kwa mbwa, asilimia 99. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na ukarudia kila mwaka, ugonjwa unakatika. Ukiua mbwa, wengine wanahamia pale palipoachwa wazi na majike yaliyobaki yanazaa, na katika kuua unawaua hata waliokwisha kuchanjwa. Mwenye mbwa naye akisikia milio anamficha mbwa wake, siku ya chanjo hamleti.

Kuanzia 2010 Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Bill Gates na mkewe wa wakati ule, liliendesha mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania: Mtwara, Lindi, Pwani, Morogoro, Dar es Salaam na Pemba, wilaya 28. Wenye umri wangu mnakumbuka watoto walivyokuwa wakiburuta mbwa kwa kamba ya katani kwenda shule ya msingi kuchanjwa. Mradi ulipokwisha, kamba zikarudi ghalani.

Bali, kisiwa cha Indonesia, mwaka 2008 ugonjwa uliingia na serikali ikaanza kuua mbwa kwa wingi. Shirika la pale, BAWA, halikuandamana. Kwa msaada wa shirika la kimataifa la wanyama liliomba wilaya mbili, Gianyar na Bangli, likachanja, likamfunga kila mbwa aliyechanjwa ukanda shingoni ili aonekane. Matokeo yalipoonekana serikali ikakubali kisiwa kizima, wakachanja mbwa zaidi ya 200,000. Sasa mtetezi wa mbwa na mama wa mtoto wakawa wanaomba kitu kimoja, na daktari wa mkoa hana sababu ya kukataa. Mashirika ya afya na ya mifugo duniani yana mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kwa hiyo hata wizarani hauendi kuanzisha jambo geni.

Kwa hiyo hakuna kuchagua kati ya mtoto na mbwa. Chanjo ya mbwa ni bei ndogo mno ukilinganisha na hizo sindano mlizonunua. Diwani ukimpelekea hesabu hizo mbili zikiwa sambamba, pamoja na idadi ya walioumwa kwa mwaka kutoka daftari la zahanati, umemfanyia kazi yake.


Mama Mikindani

Hilo la daftari sikuwahi kulifikiria. Mganga mfawidhi atakubali kunipa?


Wakili wa Shangani

Majina ya wagonjwa hatakupa na asikupe. Idadi kwa mwezi anaweza. Andika barua kupitia serikali ya mtaa, usiende kwa mdomo. Bajeti ya halmashauri inaanza kupangwa miezi mingi kabla ya Julai, kwa hiyo barua ya Mei imechelewa. Lenga Oktoba, Novemba.

Na Mwana Liwale, kwako ni hivyohivyo ila kwa upana zaidi. Kusanyeni vijiji, si kijiji. Kila tukio: tarehe, kitongoji, ekari, zao, fomu iliwasilishwa lini, ilijibiwa lini. Kanuni za kifuta jasho za 2011 zinataka taarifa hizo hata hivyo. Nakala moja kwa mbunge, moja kwa kamati ya Bunge ya maliasili, moja kwa hao wanaotetea tembo.


Mwana Liwale

Hao wa tembo tena niwape za nini?


Wakili wa Shangani

Kwa sababu wao wana fedha za uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki ya kuzuia tembo mashambani, na wanatafuta kwa udi na uvumba kijiji kilichoandika takwimu zake. Ukikataa kuongea nao wataandika ripoti ya Liwale bila Liwale, kama ilivyokuwa.


Mwana Liwale

Sawa. Mtendaji wetu ana fomu za misimu yote, zimefungwa kamba juu ya kabati, panya wameanza nazo. Jumatatu naenda na daftari jipya. Ila wakili, akiniambia nyaraka hazitoki ofisini?


Wakili wa Shangani

Hazitoki. Kaa palepale unakili, ukimaliza mwombe agonge mhuri kila ukurasa. Nenda na wino wako, wa ofisini huwa umekauka.